Nguo ya Kuombea Mvua

Maporomoko ya kwanza hayakuwa yenyewe. Ya pili nayo hayakuwa yenyewe, na sasa Mwaija alisimama chini ya mengine, akimsikiliza shemeji yake Mbaruku akiyanadi kama muuza samaki.

"Ndiyo haya, shemeji! Milima hii ya Nguru nimeipita na pembe za ndovu begani, mimi."

"Hata yale ya jana ulisema ndiyo haya."

"Jana kulikuwa na ukungu."

Mwaija akakaza kaniki yake kiunoni. Kumeza maneno alishazoea. Kijijini kwao, kusini mwa mto Wami, nyuma ya Bagamoyo, mvua ilikuwa imekataa, na mbegu za mwisho zilikuwa kibuyuni kwa mama mkwe wake. Bibi yake Mwaija alizaliwa huku milimani, katika ukoo unaotambikia maporomoko. Basi yeye ndiye aliyetumwa kupeleka nguo ya kuombea mvua. Na mwiko ulikuwa huu: mbegu isiguswe mpaka aliyetumwa arudi nyumbani. Mumewe alikuwa bara na msafara, ndiyo maana akapewa Mbaruku amwongoze njia. Afadhali angepewa mbuzi.

Wakapanda tena kutafuta mtu wa kuuliza, wakishika mizizi, mawe yakiwatelezesha. Nchi ilikuwa nzuri, huwezi kusema uongo: mabonde ya kijani, migomba, vijito vikiruka kila jabali. Uzuri wenyewe ulimtia hasira. Maji yote haya yanacheza tu huku, na kwao mihogo inakaukia ardhini!

Mchana wakamkuta Sikuzani, jamaa wa bibi yake na mtunza maporomoko, akipukuchua mahindi mlangoni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mmeyapita asubuhi. Si yale mliyonawia miguu?"

Mwaija akamtazama Mbaruku. Mbaruku akatazama migomba.

Wakashuka wote watatu. Penye maporomoko, Sikuzani akanyoosha mkono. "Leteni nguo."

Mbaruku aliinunua mwenyewe Bagamoyo, akaiviringisha ndani ya mkeka na kukataza isifunguliwe njiani, eti sadaka haichunguliwi. Sasa akaifungua kwa madaha. Bafta. Nyeupe pe, kama sanda.

"Kumbe mmekuja kuomba jua," alisema Sikuzani.

"Sadaka ni nyeupe, dada. Kwetu pwani hata kaburi la sharifu tunalivika nyeupe."

"Kaburi halinyeshi, bwana wee. Wingu la mvua umeliona jeupe wapi? Huku ni kaniki, nguo nyeusi."

Mwaija hakungoja wamalize. Akainyakua bafta, akaenda nyuma ya jabali, akavua kaniki yake iliyochakaa na kujifunga ile nyeupe. Akarudi na kaniki mkononi.

"Hii hapa nyeusi. Ina jasho langu. Mkitaka na machozi, subirini kidogo."

Sikuzani akaipokea, akaifunga kwenye jiwe, akasema maneno ya ukoo polepole. Hakusema kama imekubaliwa.

Njia nzima ya kurudi Mbaruku alijaribu utani. "Shemeji, wewe hata ukifa, sanda unayo." Mwaija akaongeza mwendo. Nyuma yao mlima ulijifunika weusi, ngurumo zikawafuata mpaka tambarare.

Walipofika Wami, mto waliouvuka maji yakiwa vifundoni ulikuwa umefura, mwekundu, ukibeba magogo. Ng'ambo, upande wa kwao, mvua ilikuwa ikimwagika. Jirani yao Majaliwa alisimama ukingoni, amelowa, anarukaruka.

"Mwaijaa! Umeleta mvua!"

"Pandeni!" alipiga kelele Mwaija. "Pandeni leo hii, msiningoje!"

"Thubutu! Mama mkwe wako amekalia kibuyu! Mpaka wewe ufike!"

"Mwambie nimeshafika!"

"Uko ng'ambo, mama! Nitamdanganyaje?"

Mwaija akaketi topeni. Bafta ilishapoteza weupe wake wote. Mvua ile ile aliyoiombea ilikuwa inalowesha shamba tupu, na yeye anaitazama.

"Maji yatapungua tu, shemeji," alisema Mbaruku.

"Lini?"

Mbaruku, aliyepita milima yote na pembe begani, akageuka huku na huku. Safari hii hapakuwa na migomba ya kutazama.