Mama Mkwe Chumbani Kwangu

Kwetu Bungoma, mwanamume aliyelelewa vizuri hamwangalii mama mkwe wake usoni. Mkikutana njiani, mmoja anapisha hata kama ni matopeni. Hamli meza moja, na chumbani kwako hakanyagi hata nyumba ikiwaka moto. Mimi, Bramwel, nilikuwa nimeshika heshima hiyo miaka tisa bila doa, hadi Jumamosi moja ya mwaka 2005.

Baba mkwe wangu, Mzee Makokha, alikuwa amefariki mwezi wa pili. Video yake ilikuwa moja tu, ndani ya kanda tuliyopiga Desemba kwenye harusi ya dadake mke wangu, kwa kamera tuliyoazima kwa Osman, jirani yetu hapa Kibomet, Kitale. Kanda hiyo haikukubali kuchezwa na kitu kingine ila kamera ile ile, na saa nane Osman alikuwa anasafiri nayo kuirudisha kwa kakake Mombasa. Mke wangu Nabwile alikuwa ametangulia Bungoma kwa mamake. Aliniachia agizo moja: "Sauti ya baba iingie kwa kompyuta. Mama anataka kumsikia. Ukiharibu, usikuje."

Kompyuta tuliiweka chumbani kwetu, maana sebuleni watoto wangeinywesha uji. Saa sita Osman akachomeka waya kutoka kwa kamera hadi kwa kompyuta, akanionyesha pa kubonyeza.

"Hii kitu haina haraka, bana," akasema. "Kanda ni ya saa moja, itacheza saa moja, kompyuta ikiandika. Wewe kaa tu uangalie."

Nikabonyeza. Nani akatokea? Mama mkwe! Anacheza kamabeka, ngoma ya kwetu, mabega yanaruka, anaijia kamera kifua mbele, hatua mbili kutoka kitanda changu.

"Funika!" nikapiga kelele.

Osman, ambaye mama mkwe wake huja kwake kila Ijumaa kula pilau, akanikodolea macho. "Si ni video tu?"

"Ni mama!"

Nikang'oa shuka kitandani, nikafunika skrini, nikazima sauti, nikatoka kuketi mlangoni kama askari wa benki. Nilijionea fahari sana. Vijana wa siku hizi wangekaa pale wakichekelea.

Saa saba nikafunua shuka. Kumbe kompyuta ilikuwa inaniuliza swali tangu dakika ya ishirini: nafasi imejaa, tufanyeje? Ilikuwa imengoja jibu kimya kimya muda wote huo. Nilichungulia kilichoandikwa kupitia katikati ya vidole. Dakika ishirini, zote za mama mkwe akicheza. Hotuba ya mzee haikuwa imefika.

"Futa, uandike pahali mzee anaongea peke yake," Osman akasema. "Lakini lazima mtu aangalie ndio ajue ni wapi."

"Angalia wewe."

"Mimi simjui! Wazee wote hapo wako na kofia. Na sijafunga mizigo." Akaenda zake.

Nikafuta. Kabla sijarudisha kanda nyuma, simu ikalia. Nabwile. Nikamweleza, naye akaniita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Kisha simu ikabadilisha mikono, na sauti nyingine ikaja. Kwa simu tunaruhusiwa kuongea, maana simu haina sura.

"Baba Naliaka," mama mkwe akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Nasikia umeniona."

"Kidogo tu, mama. Kwa bahati mbaya."

"Nikicheza?"

"Nisamehe, mama. Hiyo nimefuta. Naweka maneno ya mzee peke yake."

Nikajiandaa kugombezwa.

"Alikuwa amekaa nyuma yangu," akasema polepole. "Miaka arobaini sijawahi jua kama ananiangaria nikicheza. Nikigeuka, yeye anaangaria ng'ombe. Wewe mwangarie, uniambie."

Nikarudisha kanda nyuma, nikaondoa mkono usoni. Nikamwangalia mama mkwe mzima mzima, kisha nikatazama nyuma yake. Mzee Makokha alikuwa kwenye kiti, kofia magotini.

"Mama," nikasema, "ukigeuka, anaangalia pembeni. Ukimpa mgongo, anakuangalia."

"Saa zote?"

"Saa zote. Hata mabega yake yanacheza kidogo."

Nikasikia akipenga kamasi.

"Hayo maneno yake achana nayo," akasema. "Nimeyasikia miaka arobaini. Niwekee hiyo."

Ilikuwa saa saba na nusu. Nikarudisha kanda mwanzo, nikabonyeza, nikakaa kitandani kwangu, nikawaangalia wote wawili dakika zote ishirini.