Mikono Iliyopalilia Maharagwe ya Wakesho

Jumanne, tarehe 23 Novemba 1954, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani hadi Mwatate, na manyunyu yalikuwa yakianguka, yale yasiyomzuia mtu kwenda shambani. Wakesho alitoa jembe lake nyuma ya mlango, akajifunga leso kiunoni, akashuka kwenye maharagwe. Alikuta mistari miwili imekwisha kupaliliwa. Mikono miwili, iliyokatwa penye vifundo, ilikuwa katika mstari wa tatu. Mmoja ulikuwa ukitifua udongo na mwingine ukikusanya magugu.

Wakesho aliitazama kazi ya mikono hiyo. Ilikuwa kazi safi. Magugu yalilazwa kando, mizizi juu, ili jua likitoka yakauke. Mnavu ulikuwa umeachwa, kwa sababu mtu anayelima anajua kwamba mnavu ni mboga. Viganja vilikuwa na sugu za jembe, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kovu la zamani la panga.

"Asante kwa kazi," Wakesho alisema, akaanza mstari wa nne.

Alijua mikono hiyo ilikuja na nani. Mwanawe Gibson, koplo wa jeshi, alikuwa ameshuka kwenye gari la moshi hapo Voi Jumamosi, likizo yake ya kwanza tangu apelekwe kupigana na watu wa msituni. Mfuko wake wa turubai aliuweka chini ya kitanda na kumwambia mama yake asiufue wala asiufungue. Asiyefua nguo za mwanawe ni mama gani? Wakesho aliufungua Jumapili baada ya ibada. Mikono ilikuwa imelala juu ya soksi, imeshikana, haina damu wala harufu. Aliufunga mfuko tena, akaenda kuosha vyombo.

Jioni ya Jumanne walikula kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, katika bakuli moja, kama walivyozoea. Obadiah, mumewe, alikula akiwa amevaa kabuti lake la jeshi, kwa kuwa kulikuwa na baridi na kwa kuwa mwanawe alikuwepo. Obadiah alikuwa sajini katika vita vikuu, huko Bama, na nyumba yao nzima ilipangwa kama kambi: majembe yamesimama kwa urefu wao, na nishani imetundikwa kando ya kalenda ya kanisa. Gibson alinyoosha mkono akamega kimanga. Wakesho aliutazama mkono ule ukiingia bakulini na kutoka, akaacha kula.

"Mwenye ile mikono ni nani?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Uliikata na humjui?"

"Ndiyo maana tukaikata. Tungemjua jina, tungemwacha alivyo." Gibson alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Mwili ni mzito kuteremka nao mlimani. Mikono hupelekwa ofisini, ikapakwa wino wa alama za vidole, halafu wao hulitafuta jina."

"Walilipata?"

"Sikungoja. Niliikabidhi, nikapanda gari la moshi. Tulipopita Mtito Andei nikaikuta kwenye mfuko."

Obadiah alisema kwamba huko Bama waliwazika hata maadui. Kisha alikumbuka kwamba anayezungumza naye ni koplo aliye kazini, akaongeza kwamba amri ni amri. Wakesho aliinuka, akatoka nje. Mikono ilikuwa ikipukuchua mahindi kwenye ungo.

Kesho yake hedimani wa kijiji alifika. Alikuwa amesikia kwamba kwa Obadiah kuna mgeni wa kabila linalotakiwa kuwa na pasi. Aliketi kwenye kigoda, akaomba mikono iletwe, akaigeuza huku na huku. Vidole vyote vilikuwa na wino. Hedimani aliridhika. Alisema hawa wamekwisha kuandikishwa na serikali, hawana kosa, ila wasionekane barabarani baada ya saa kumi na mbili. Alikunywa chai, akaondoka.

Mambo kati ya Wakesho na mumewe yalikuwa yameharibika tangu mwezi uliotangulia. Wakesho na wanawake wa kanisa walikuwa wametembea hadi Voi na madebe matupu vichwani, kudai bomba la maji lililoahidiwa wakati wanaume wao walipopelekwa Bama. Ofisa aliyewapokea alisema fedha ya bomba imekwenda msituni, kwani nchi haiwezi kununua mabomu na mabomba kwa wakati mmoja. Akawaonya kwamba anayepiga debe leo, kesho atakula kiapo cha watu wa msituni. Obadiah alipata habari hizo akaona aibu. Alisema nchi ni kama kombania: askari mmoja akiuliza swali kwenye gwaride, wengine watakufa vitani. Mke wa sajini hapigi debe.

Siku ile Wakesho alitazama ng'ambo ya shamba lao, pale ulipoanza mkonge. Obadiah alipokuwa Bama, ua wa shamba la mkonge ulisogezwa hadi ukavuka kijito na kuyafunika makaburi ya baba zake. Mzungu mwenye mkonge aliwahi kuwa nahodha. Basi Obadiah alimpigia saluti kila alipopita na gari, akasimama hivyo hivyo, kinywa wazi kidogo kwa heshima, mpaka vumbi lote limpite au limwingie.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya Gibson kurudi. Lori la jeshi lingempitia barabarani, limpeleke Voi. Tangu alfajiri alikuwa akimfuata mama yake kama alivyomfuata akiwa mdogo, kutoka jikoni hadi kwenye zizi la mbuzi.

"Mama, unitasie," alimwambia. "Nikiondoka na hasira yako sitarudi."

Watu wa huko hawabishani juu ya jambo hilo. Hasira ya mzazi ikikaa moyoni humfuata mtoto popote alipo, imwangushe. Mzazi hujaza maji kinywani, akayapuliza chini na kuyatoa yaliyo moyoni, na mtoto akapona. Hiyo ndiyo kutasa. Kanisa lilikuwa limekataza pombe ya kutasia, lakini maji halikuyataja. Wakesho alikuwa amesali usiku kucha kwa ajili ya mwanawe, na kila alipofika mahali pa kusema amemsamehe, maneno yalikataa kutoka.

Obadiah aliona mkewe anakawia, na lori haliwezi kumngoja mtu. Aliamua kutasa yeye, akawaita mashahidi kama inavyotakiwa: Jedidah, jirani yao aliyebeba debe pamoja na Wakesho, na Mwalimu Thadeus wa kanisa, ambaye alikuja ila akasimama akitazama mlima. Obadiah alivaa nishani, akajaza maji kinywani, akameza kidogo, akasema, "Sina hasira na serikali, wala na jirani, wala na mtu yeyote wa nyumba hii." Kisha akapuliza.

Yalitoka mavumbi. Yalikuwa mekundu, ya ile barabara ya mkonge, na yalitoka kwa muda mrefu, yakatanda uani mpaka kuku wakaondoka. Alipomaliza, Obadiah alijifuta midomo kwa kitambaa, akaipangusa nishani, akasema maji ya mtungi ule hayafai.

"Hata bomba lingekuja, Baba Gibson," Jedidah alisema, "hayo yasingesafika."

Honi ya lori ilisikika barabarani. Gibson alipiga magoti mbele ya mama yake akiwa na sare yake yote na mfuko begani, uso umemlegea. Mikono ilikuwa imepanda kutoka shambani, ikatulia kando ya mlango, ikashikana kama wakati wa sala.

Wakesho aliinama kwenye mtungi ule ule, akachota kwa kata, akanywa funda. Aliyashikilia maji kinywani kitambo, huku akimtazama mwanawe, utosi aliousugua, masikio aliyoyaosha. Ndipo alipoacha kutafuta neno la kusamehe na kuchukua lile lililokuwepo. Alipuliza. Maji yalitoka maangavu, yakatua mbele ya viatu vya Gibson.

"Nina hasira," alisema kwa sauti ambayo hata dereva wa lori aliisikia. "Nina hasira na waliokutuma, na baba yako anayewapigia saluti, na wewe uliyekata. Nimeitoa, Mungu ameisikia, haitakufuata. Nenda."

Gibson alishukuru. Alisimama, akajipangusa magoti, akamnyooshea mama yake mkono wa kuagana. Mkono ulibaki hewani. Lori lilipiga honi tena, na Obadiah, kwa mazoea, alisimama wima.

"Jedidah, uwe shahidi," Wakesho alisema. "Mwalimu, nawe geuka huku usikie. Mikono hii itakaa kwangu. Nitaipa jembe na mbegu kila msimu, na itakachovuna nitamwekea mwenye mikono. Nawe, mwanangu, nakuahidi mbele ya hawa: nitakupikia, nitakufulia, nitakuombea kila siku ya Mungu, lakini sitakupa mkono mpaka utakaponiletea jina lake."