Sauti Niliyompa Anyelwisye

Mjukuu wangu Anyelwisye ni mkalimani wa shirika moja la kupatanisha watu, katika nchi jirani yenye vita. Mwaka jana alinipigia simu, nikiwa namenya ndizi.

"Bibi, hawa watu wanakatana mapanga mwaka wa sita sasa. Tukiwaita mkutanoni hawaji. Ninyi zamani mlipatanaje?"

Nikamweleza. Kwetu hapa Kyimo ndugu wakikosana wanakalishwa pamoja. Kila mmoja anasema chote kilichomkaa moyoni, hata alichotenda kwa siri, halafu anapiga funda la maji na kuyatema chini. Akishatema, basi. Kumrudia mtu kwa neno alilokwisha kulitema ni mwiko. Mimi na wifi yangu tulitema kwa ajili ya mpaka wa shamba, na hadi anaingia kaburini hatukuutaja tena.

"Sema tena, nakurekodi," akasema. "Watamsikiliza bibi kuliko mimi."

Nikasema. Nikaongeza na langu: "Wanangu, semeni yote. Hakuna atakayewarudia. Mimi bibi yenu ndiye ninayewaambia."

Baada ya wiki tatu akapiga tena. Wazee wa pande zote mbili wametoka msituni, wamekaa, wamesema, wametema. Mwe! Nililia kwa furaha. Jirani yangu Esnath akanitania:

"Sasa tukikutana njiani tukupigie saluti, au tuiname tu?"

"Inameni," nikamwambia. "Saluti inataka kujibiwa, na bega langu hili halinyanyuki."

Mwezi wa sita Anyelwisye akaja likizo. Nikampikia ndizi na maharage. Alipokuwa anakula nikamuuliza, "Na wale wazee wangu, hawajambo?"

"Wako ndani."

"Ndani ya nini?"

"Gerezani, Bibi. Kumi na mmoja." Akachota maharage. "Yote waliyosema yalirekodiwa. Ndio ulikuwa mpango."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Hata siku ile uliponipigia?"

Akatazama sahani. "Bibi, wale watu waliua."

"Najua waliua. Ndiyo maana walikuwa na la kusema. Kama ni mahakama, ungewaambia ni mahakama, waje au wasije. Wewe uliwaambia ni maji. Tena uliwaambia kwa mdomo wangu."

Nilidhani ataona aibu. Akatoa simu mfukoni.

"Kuna kijiji kingine," akasema. "Wamesikia habari zako. Wanasema ile sauti iliwaita wenzao, nao wanataka bibi awaite wao. Dakika moja tu."

"Hawajui yaliyowapata wenzao?"

"Kule hakuna mtandao. Hawajajua."

Nikaipokea simu. Akabonyeza, akaniashiria nianze.

"Wanangu," nikasema, "mimi ndiye yule bibi. Wenzenu walionisikiliza wamefungwa. Msitoke. Yeyote atakayewaletea sauti yangu, hata akiwa mjukuu wangu, mfukuz—"

Aliinyakua. Nikaona kidole gumba kikishuka.

"Nimefuta," akasema. "Bibi, wewe uliishia darasa la nne. Mambo haya yana watu wake."

"Hao watu wake hawana bibi zao? Mbona walimtaka wa kwako?"

Akairudisha simu mfukoni. Nikamwomba basi anitajie jina la kile kijiji. Mimi siwezi kufika, lakini mchungaji wetu anafahamiana na wachungaji wa nchi ile, angeweza kuwapelekea neno. Alinyanyuka, akaanza kukunja mashati yake. Likizo ilikuwa imebaki siku tano.

Nilimsindikiza hadi barabara ya lami kwa mwendo wangu wa magoti mabovu, nikimuuliza jina lile njia nzima. Alinibebea mwavuli nisilowe. Gari la Mbeya lilipokuja akanikabidhi mwavuli, akapanda, akaenda bila kulitaja.