Kikombe cha Pili

Tsehaynesh alitandaza nyasi mbichi sakafuni, akapepea mkaa, akakaanga buni mpaka ikatoa mafuta. Ilikuwa alasiri ya kawaida mjini Dessie. Redio ilikwisha kutangaza kwamba vita vimekwisha. Mumewe, Demelash, alichukuliwa na lori la askari, na hakuna ofisi iliyokubali kusema kama yu hai.

Pale kahawa hunywewa mara tatu kutoka birika moja: abol, kisha tona, mwisho baraka. Mama mkwe wake, Yeshimebet, aliishia kwenye abol. Akiionja tu, alirudi nyuma hadi mwaka ule mwanawe Demelash alipokuwa anaota meno, akakaa huko. Mwili wake ulibaki kwenye kigoda, mzito kama gunia lililonyeshewa, na watu wawili hawakuweza kuuinua. Tsehaynesh hakuigusa abol. Maji ya pili yakitiwa birikani, yeye alikwisha kutangulia kwenye baraka, katika siku zijazo, mlangoni, ambako mtu alibisha hodi: mara Demelash, mara wazee wenye habari ya msiba. Moyo wake ulidunda mpaka vikombe vikagongana. Nesi wa zahanati aliwapa vidonge, mmoja vya huzuni, mwingine vya wasiwasi. Walijaribu kubadilishana. Haikusaidia.

Tona, kahawa ya wakati wa sasa, aliinywa jirani yao, Zenebech.

"Mumeo alikuja tena," Zenebech alimwambia Tsehaynesh aliporejea, akitafuna bisi.

"Wakati gani?"

"Wa tona, kama kawaida yake. Mmoja wenu kaganda, mwingine anatetemeka, kazi ya kumkaribisha yangu. Kanywa, kasema siku hizi unabana chumvi ya kahawa."

"Mwongo huyo! Chumvi natia."

"Mwambie mwenyewe, shoga. Mimi si mkewe."

Kikombe cha Demelash kilikuwa bado vuguvugu.

Kesho yake Tsehaynesh alishika shingo ya birika ikamchoma, asiiachie. Aliacha ubani umwingie machoni, apate kubaki pale. Akamimina tona, akawa bado yupo. Demelash akainama kupita mlangoni, akavua viatu vya jeshi, akaketi. Alikuwa amekonda. Alipuliza kahawa, akaonja.

"Leo chumvi ipo," alisema.

Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu usiopatikana Dessie. Mama yake alikuwa kando, akimtabasamia mtoto wa kule aliko, wala hakumwona huyu mkubwa. Tsehaynesh alitaka kukaa hivyo tu, amtazame akimeza.

"Utarudi lini?" akauliza.

Swali halijaisha, akajikuta mlangoni kwenye siku zijazo, hodi ikibishwa. Aliporudi, Zenebech alikuwa anasuuza vikombe.

"Kanijibu nini?"

"Alikujibu kirefu tu. Mimi nilitoka nje, shoga. Mambo ya mke na mume."

Yeshimebet akaomba shali. Alisema mtoto anasikia baridi. Tsehaynesh akamletea.