Mkono wa Shangazi

Nilikuwa nachuja chai pale nyumba iliponyamaza.

Kwa miezi mingi kwetu hapakuwa na kimya. Mashine ya oksijeni iliyokaa kando ya kitanda cha mama ilinguruma mchana kutwa na usiku kucha, kama mtu anayekoroma kwa adabu, nasi tulikuwa tumeizoea kama mtu anavyozoea mapigo ya moyo wake mwenyewe. Sasa ilikuwa imekoma. Nikajiambia umeme umekatika. Chini ya kitanda tulikuwa na mtungi wa akiba kwa ajili ya saa kama hiyo, na kuufungua nilijua hata nikiwa nimefumba macho. Kisha nikaisikia friji nyuma yangu. Ilikuwa inavuma.

Umeme ulikuwapo.

Chujio likaniponyoka.

Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa msafishaji wa maofisi. Wenye meza zao wakishaondoka jioni, yeye ndiye aliyeingia na ndoo. Wakubwa wa jengo walikuwa wametoa amri ya kubana umeme, lakini aliyeibeba amri hiyo mgongoni ni yeye. Alipita chumba hadi chumba akizima feni, taa na mashine za kuchapia. Kompyuta aliiwekea kiganja mgongoni, kama mama anayempima mtoto homa. "Mashine ikilala bado inakula," alikuwa akisema. Akitoka chumbani hakuutazama ukuta. Mkono wake wa kulia, wenyewe tu, ulipapasa kando ya mlango, ukaikuta swichi, ukabonyeza, huku miguu ikienda zake. Wenzake walimbatiza Bi Zima, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mama aliporudishwa kutoka hospitali tulipewa mashine ya kuazima, ambayo king'ora chake kilikufa kabla haijatufikia. Nyaya za nyumba yetu zilikuwa kuukuu. Pasi na birika vikiwashwa pamoja, swichi kuu ya juu ya mlango ilijikata, na mashine nayo ikazimika. Siku zile za mwanzo ilijikata ovyo, na kila mara mama alitutazama macho yamemtoka, kama aliyekabwa koo. Ndipo shangazi, ambaye alikuwa ameshastaafu, akafungasha nguo zake akahamia kwetu.

"Wifi," alisema hata hajatua mzigo, "nimekuja kukulindia pumzi."

Na aliilinda. Aliondoa balbu za zamani zilizokuwa zikichoma kama jiko. Alibana kipande cha karatasi kwenye mlango wa friji, akakivuta, kikatoka bila ubishi. "Mpira umechoka huu. Baridi yote inatoka kwenda kutembea." Tukabadili mpira. Nguo za wiki nzima zikawa zinapigwa pasi kwa mkupuo mmoja, friji ikiwa imechomolewa. Atokaye chumbani, azime. Swichi kuu haikujikata tena.

"Wifi, jua lingekuwa na swichi, ungelizima," mama alimtania.

"Tena saa saba mchana! Linababua mapazia ya watu bure."

Mama alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa sote tukaacha kucheka.

Siku ile ya chai, nilikutana na shangazi kwenye ujia. Alikuwa anatoka chumbani kwa mama, kikombe kitupu katika mkono wa kushoto, akinyata. Aliweka kidole mdomoni mwake.

"Amelala. Usimwamshe."

Nikampita. Sikumbuki kama nilimsukuma.

Mama hakuwa amelala. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, macho yakiwa wazi, na mkono mmoja umekamata ukingo wa godoro kama anayekizuia kitanda kisizame. Swichi ya kando ya mlango, iliyopeleka umeme kwenye soketi ya mashine, ilikuwa imezimwa. Nikaibonyeza. Mashine ikatetemeka, ikatulia kana kwamba inafikiri, kisha ikaanza kuvuta. Hewa yake hairudi papo hapo. Nikaukimbilia mtungi chini ya kitanda, na vidole vyangu, vilivyokuwa vikiufungua gizani, vikashindwa mchana kweupe. Vilikuwa vinateleza tu. Nilipoinua uso, mama alikuwa ananitazama, na kifua chake kilikuwa kimeanza kupanda.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe umeme umekatika?"

Nikafungua mdomo. Mama akanishika kifundo cha mkono. Pumzi ya kwanza iliyomtosha kusema neno, aliitumia kwa neno hili:

"Ulikatika."

"Watu wa umeme hawana haya!" shangazi akasema. "Na sisi tunavyoubana namna hii!" Akaenda jikoni kuokota chujio langu.

Jioni nilimwambia mama kwamba nitamweleza shangazi ukweli. Akatikisa kichwa.

"Akijua, ataondoka. Ukienda kazini nitabaki na nani?" Akapumzika kidogo. "Na siku nikifa, hata iwe mwakani, atasema ni yeye."

Nikabandika utepe mpana juu ya ile swichi, nikasingizia kwamba imelegea. Kesho yake niliporudi kutoka kazini, niliukuta utepe umebanduliwa, umekunjwa vizuri, umewekwa dirishani.

"Unachafua ukuta, mwanangu," shangazi akasema. "Halafu swichi yenyewe haijalegea. Nimeijaribu."

"Umeijaribu?"

"Nimezima nikawasha, basi. Mama yako akanikodolea macho kama ameona mwizi!" Akacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Tangu hapo hofu ilihamia mwilini mwangu kama mpangaji. Nilikuwa nashona sare katika karakana moja, na saa ya chakula fundi mkuu alikata umeme wa cherehani zote kwa pamoja, maana naye alikuwa mbanaji. Mngurumo ulipokufa, nami niliacha kupumua. Wenzangu walinicheka: "Huyu mwenzetu anaogopa kupumzika!" Nikacheka nao, huku nasikiliza nyumba ambayo kutoka pale isingeweza kusikika.

Mama ndiye aliyepata dawa.

"Wifi, kaa hapa unishike mkono," alimwambia shangazi asubuhi moja nikiwa navaa viatu. "Sio huo. Huo mwingine."

"Leo una makubwa! Mkono si mkono tu?"

"Naogopa, wifi."

Shangazi akakaa. Kuanzia siku hiyo mama aliushika ule mkono wa kulia kila alipoweza. Shangazi akitaka kuinuka, mama alimtia kitu katika kiganja kile kile, glasi, taulo, hata kitana, na kumwomba akipeleke mahali. Hakuwahi kumruhusu atoke chumbani mkono huo ukiwa mtupu. Majirani waliokuja kumjulia hali walisema hawajapata kuona mawifi wanaopendana vile. Sikuwabishia. Sidhani walikosea.

Mama alitutoka asubuhi moja, sote tukiwapo. Mashine haikuwa na kosa. Iliendelea kuvuta na kupuliza, taa yake ya kijani ikiwaka, ikimpumulia mtu ambaye hakuwapo tena. Nilimsubiri shangazi. Maisha yake yote hakuwahi kuacha kitu kiendelee bila mtu wa kukitumia. Majirani waliingia, wakakaa, wakaanza kutazamana kwa ajili ya ile sauti. Yeye hakusogea. Alikuwa bado ameketi pale pale kitandani, kiganja chake ndani ya kiganja cha mama.

"Zima wewe, mwanangu," akasema mwishowe, bila kunitazama. "Mama yako hakuuachia mkono huu. Na mimi leo siuachii."

Nilitaka kumuuliza anajua nini, na tangu lini. Nikainuka, nikaenda ukutani.