Nyota Kwenye Chaki

"...na kiatu chenyewe kilikuwa changu, dada, changu mimi mwenyewe!"

Dada mtu alikuwa anapiga pasi, hakuinua hata jicho. "Anza mwanzo. Na uvue hizo raba, nimetoka kudeki."

Mdogo mtu akavua, akakaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa na wiki mbili tu kwenye kikosi cha wapelelezi, bado yuko majaribio, na leo ndiyo walimpeleka kwa mara ya kwanza mahali palipoibwa. Chumba cha ushonaji. Vyerehani viwili havipo, na kopo la chaki za fundi limemwagika, likakanyagwa mpaka sakafu ikawa kama imepakwa poda.

Mkuu wao, waliyemwita Darubini, hana haraka. Utepe kwanza, kisha daftari la anayeingia na anayetoka, kisha picha. Kabla picha hazijaisha, hakuna kugusa hata uzi. Na kila mguu uvae kifuko cha plastiki juu ya kiatu.

Asubuhi ikaenda hivyo, taratibu, kama watu wanaotafuta pini kwenye zulia. Msichana akashika ncha ya futi, akapanga vibao vya namba. Vibao vikapungua. Akatoka kufuata vingine garini, akavua vifuko mlangoni kama sheria inavyotaka, akarudi mbiombio kwa mlango wa nyuma. Vifuko akavikumbuka yuko ndani tayari.

Saa nzima baadaye, Darubini alichuchumaa pale mlango wa nyuma, akatabasamu. "Mgeni wetu kaacha kadi." Unyayo safi kwenye chaki, nyota tano kisiginoni.

Nje ya utepe alisimama mama mpiga pasi wa pale, mwenye ufunguo wa pili. Miguuni, raba za nyota.

"Mama, samahani, hebu nyanyua mguu."

Mama akanyanyua, kashika ukuta. "Hizi kila mtu anazo, baba."

"Kweli. Ila ufunguo hawana." Askari akafungua mlango wa gari.

Msichana akazikumbuka raba zake mwenyewe, nyota zilezile. Akinyamaza, kazi anayo, na mama wa watu analala mahabusu. Akisema, huenda kesho hana pa kwenda.

"Afande, huo unyayo ni wangu."

Darubini akamgeukia polepole. "Una uhakika, au una huruma?"

"Tazama picha ya kwanza ya mlango."

Mpiga picha akarudisha kamera nyuma. Saa tatu na nusu: mlango uleule, chaki ileile, hakuna unyayo. "Duh," akasema, "na mimi nilishauandikia namba tisa."

Darubini akaikagua picha mwenyewe. Kisha akamsogezea msichana daftari. "Andika mwenyewe. Saa ngapi, na mguu gani."

Akaandika: saa nne na dakika kumi, mguu wa kulia. Mwandiko kama wa kuku. Mama mpiga pasi alipoambiwa aende zake, alisimama kidogo mbele yake. "Viatu vyetu vizuri, mwanangu. Ila vina mdomo."

Dada mtu akaisimamisha pasi. "Kwa hiyo wamekufukuza."

"Darubini kaniambia nifike saa moja asubuhi."

"Kufanya kazi, au kuchukua barua?"

"Kasema nije na viatu vingine."

Dada akacheka mpaka akashika meza. "Vyangu hupati. Haya, na mwizi?"

"Huo unyayo wangu ulipotoka njiani, ndipo Darubini alipolitazama komeo la mlango vizuri. Skrubu zimefunguliwa kwa bisibisi. Sasa mwenye ufunguo bisibisi ya nini? Na kwenye komeo kuna alama ya kidole, kizima, kama muhuri."

"Cha nani?"

"Alama iko kwenye bahasha, maabara wanaifungua asubuhi." Akapiga miayo, akaokota raba zake. "Niazime vile vyeusi, na kesho jioni nitakwambia ni cha nani."