Kamati Yajadili Kola Yangu

Usiku wa jana niliota nimeitwa mbele ya kamati ya harusi kujieleza kuhusu kola.

Kikao kilifanyika ndani ya koti langu. Niliingilia mfuko wa ndani, nikafuta viatu kwenye bitana, nikakuta viti vimeshapangwa. Mwenyekiti alikuwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa ambaye sisi Wachaga tunamkata harusini kama wengine wanavyokata keki. Alikuwa ameshaiva. Alitoa majani mdomoni ili aweze kuzungumza, akayaweka juu ya kumbukumbu za kikao kilichopita.

"Mzee Eliakunda," akasema, "binti yako Aikaeli anaolewa wiki ijayo. Amekuomba jambo moja tu, umwingize ukumbini ukiwa umevaa tuksedo, ile suti ya usiku yenye kola ya satini. Fundi Mchomvu anakata kitambaa kesho asubuhi na hajui akate kola gani. Wiki tatu unamwambia 'nitakujulisha'. Una tatizo gani?"

Nikasema ukweli. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha hesabu nikiwa na Kaunda suti, na sasa naogopa kumwaibisha mwanangu mbele ya wakwe zake. Iliniuma kukiri hivyo mbele ya mbuzi, lakini nilikiri.

"Imeandikwa," akasema ndafu. "Kola ziingie."

Kabla hazijaingia, mlango ukagongwa. Lilikuwa jua, na kadi yake ya mwaliko mkononi.

"Samahani," nikaliambia, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. "Tuksedo haivaliwi jua likiwapo. Ndiyo kanuni."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Utue."

"Kadi yangu ni ya watu wawili. Nimekuja na mwezi."

"Mwezi apite."

Jua likaenda zake limenuna. Mwezi akaingia, akasalimia, akatafuta kiti karibu na vinywaji.

Kola ya kwanza ilikuwa ya ncha, ile yenye pembe mbili zinazotazama mabegani. "Mimi humwinua mtu," ikasema. Naivaa, na kweli inaniinua. Kichwa changu kinagusa mapambo ya dari. Kutoka huku naona vipara vya wakwe wote.

"Unajionaje?" ndafu ananiuliza kutoka chini.

"Mrefu."

"Mkono wa binti unaufikia?"

Nanyoosha mkono. Siufikii. Naomba nishushwe.

Ya pili ilikuwa na pengo, kama suti za ofisini. Sijamaliza kufunga kifungo, watu wanaanza kupita kwenye lile pengo wakienda kazini. Ofisa elimu anasimama kifuani pangu na faili, anataka saini. Mwalimu mwenzangu anauliza nani ana zamu Jumatatu.

"Nilistaafu," nawaambia.

"Tunajua," wanajibu, na wanaendelea kupita.

Ya tatu ilikuwa ya mviringo, haina kona hata moja. Haikujinadi. Ilionekana ina aibu kama mimi. Nikaivaa, na hakikutokea kitu chochote. Nikasononeka kidogo.

Halafu mlango unafunguka na Aikaeli anaingia na shela lake. Ana miaka minne. Shela linafagia ukumbi mzima.

"Baba, nimechoka. Nibebe."

Nambeba. Anatafuta pa kuweka shavu. Kola ya ncha inarukia begani pangu, inataka ijaribiwe tena, inamchoma. "Uuuh!" anasema mtoto. Ya pengo nayo inajileta, inanasa shela. Nazifukuza zote mbili. Shavu linashuka juu ya satini ya mviringo, linatulia, na mwanangu analala hapo hapo huku akikoroma kidogo. Jamani, nilifurahi. Hofu ya wakwe sikuiona tena ilikokwenda.

"Wanaoafiki?" akauliza ndafu kwa sauti ya chini, asimwamshe.

Mwezi akanyoosha mkono. Wakwe wote wakanyoosha. Ndafu naye akainua mguu, ukachomoka.

"Ameiva vizuri," wakwe wakanong'onezana, na matarumbeta yakaanza. Nikacheza na mtoto kifuani, taratibu, wala hakuamka.

Niliyeamka ni mimi. Mke wangu alikuwa ananitikisa. "Baba Aika, shuka lote liko chini. Miguu inacheza nini?"

Wakati wa chai Aikaeli aliingia kutoka kwa shangazi yake, alikokuwa amelala. Ana miaka ishirini na minane, na anakaribia kunipita kimo. Aliniamkia, akainama kumimina chai, ndipo nikaiona. Kwenye shavu lake la kushoto, kuanzia sikioni hadi kidevuni, kulikuwa na alama ya kulalia kitu, mstari mmoja mrefu uliopinda taratibu, usio na kona popote.

"Baba, mbona unanitazama hivyo?" akacheka, akijisugua shavu. "Sijui mto wa shangazi una nini. Lakini nimelala usingizi mtamu! Haya, kola umeamua?"

Nikachukua simu, nikampigia Fundi Mchomvu, nikamwambia akate ya mviringo.

"Una uhakika, mzee? Nikishakata, nimekata."

"Kata," nikamwambia. "Nimeshaijaribu."